Mtu Aliyesukumana na Ukuta

Jina lake sitalitaja, maana bado yuko hai na mdomo wake haujastaafu. Katika chumba cha walimu tulimwita Mwalimu wa Fizikia. Wanafunzi walimwita Odijo, jina ambalo vijana wa siku hizi humpa mwalimu yeyote, ila katika shule yetu ukisema Odijo kila mtu aligeuka kumtazama yeye. Mimi nilikuwa wa Kiswahili. Shule ilikuwa upande wa Uriri, na meza yangu ilitazamana na yake kwa miaka mingi, hivi kwamba nimemwona mtu huyo akimenya yai la kuchemsha mara nyingi kuliko nilivyomwona mume wangu akila chochote. Kwa hiyo nikisema namjua, namjua.

Hakuwa mtu wa kusimama kwa miguu yake peke yake. Alikuwa mtu wa kuegemea. Aliegemea nguzo, mlango, gari la mwalimu mkuu, na siku moja katika harambee ya kanisa aliegemea mti wa turubai, turubai likashuka polepole juu ya kwaya ya akina mama, nao wakaendelea kuimba mle ndani.

"Mwalimu, simama wima, wewe si mgonjwa," nilimwambia.

"Siegemei," alinijibu. "Mimi na nguso tunasukumana."

Neno hilo, tunasukumana, alilipata kwenye meza yangu. Nitaeleza, lakini kwanza nilalamike kidogo juu ya Kiswahili chake, maana kimenitesa.

Yeye ni Mjaluo, mimi ni Mkuria wa huku mpakani, na Kiswahili ndicho daraja tulilopewa. Mimi nililivuka kwa adabu. Yeye alilivuka na mkokoteni. Hakuwa na z wala sh: somo lake aliliita fisikia, na shule ilikuwa sule hadi siku aliyostaafu. Ngeli ndizo usiulize kabisa.

"Kitabu inaanguka," angesema.

"Kinaanguka."

"Nyaminwa, imeanguka ama haijaanguka?"

"Kimeanguka."

"Basi tumeelewana."

Nyaminwa ni dada yetu kwa Kijaluo, na mimi si dada yake hata kidogo. Kila Jumatatu aliniuliza kama ng'ombe wa babu yake, wale anaodai Wakuria waliwaiba, wako salama kule kwetu. Nilimwambia wanamsalimu na wameongezeka. Watu wageni katika chumba cha walimu walidhani tunagombana kweli, na mwalimu mmoja wa Hesabu, mtu wa maombi, aliwahi kutuombea.

Sasa habari ya neno. Masomo yote isipokuwa langu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini yeye alikuwa ameona kwamba mtoto anaweza kukariri Kiingereza kizima bila kitu kuingia kichwani. Siku moja akanijia, chaki nyuma ya sikio. "Nyaminwa, nipe Kiswahili ya akseni na riakseni." Nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha kwanza, kazi ambayo hupunguza maisha, na sikuinua kichwa. "Tendo na jibu," nikasema. Akashukuru, akaenda zake.

Alirudi na karatasi za jaribio, uso umefura. Darasa zima lilikuwa limeandika kwamba ukiusukuma ukuta, ukuta hungoja umalize, kisha nao hukujibu. Binti mmoja wa katekista, mtoto wa heshima zake, aliandika kwamba ukuta ukiwa mkubwa kuliko wewe haulazimiki kujibu. Mvulana wa Masara, kule wanakochimba dhahabu, aliandika kwamba ukivuta kamba ya ndoo kutoka shimoni, kamba nayo itakuvuta baadaye ukizubaa.

"Umeniharibia darasa!" akanguruma. Tuliokuwa mle ndani tulishika vikombe vyetu. "Jibu inakuja nyuma! Mtu anasalimia, ndiyo unajibu! Hapa hakuna nyuma. Hakuna wa kwansa, hakuna wa pili. Mkono ikigusa ukuta, ukuta imegusa mkono, saa ile ile!"

"Mkono ukigusa," nikasema.

"Ukigusa! Ikigusa! Wamegusana!"

Nami nikaweka kalamu chini, kwa sababu ingawa mtu huyu alikuwa ameua ngeli tatu kwa pumzi moja, alikuwa amejikwaa penye kitu.

"Hilo ndilo neno lako," nikamwambia. "Hiyo -ana ya mwishoni. Ni kauli ya kutendana. Ukisema Otieno na Juma wamepigana, hujasema nani alianza. Kitenzi hakijali. Na lazima wawe wawili. Huwezi kupigana peke yako, wala kusalimiana peke yako."

Aliketi. Alivuta kiti akaketi, jambo la nadra, akanitaka nirudie yote polepole.

Basi tangu siku hiyo shule haikupumua. Mguu na ardhi vinasukumana, ndiyo maana unatembea. Nyundo na msumari vinagongana. Dunia na mwezi vinavutana. Wanafunzi wakipita na ndoo za maji aliwasimamisha: "Mkono na ndoo inafanya nini?" "Inavutana, Mwalimu!" walijibu kwa sauti moja, na mimi dirishani nikajishika kichwa, maana fizikia yao ilikuwa sahihi na ngeli zao zilikuwa za kwake.

Nilimpa pia methali, na hili silijutii. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Alicheka mpaka akakohoa. "Wasee walifanya fisikia!" Akaiandika juu ya ubao wa maabara kwa rangi ya mafuta, bila kuomba ruhusa, na fundi wa rangi wa shule akashindwa kuifuta. Ila hakuishia kwenye kucheka kama mimi. Aliwauliza watoto mbona mkono ndio unaoumia, kama nguvu ni sawa. Kisha akawaambia ngumi imeupiga ukuta na ukuta umeipiga ngumi kwa nguvu ile ile kabisa, lakini ngumi ni nyama na ukuta ni jiwe. Nguvu kuwa sawa si maumivu kuwa sawa.

Hilo alilifundisha hata katika adhabu. Wavulana wawili wa kidato cha pili walipigana bwenini, mmoja bonge, mwingine mwembamba kama ufito. Kila mmoja aliapa mwenzake ndiye aliyeanza. Mwalimu mwingine angewapa viboko au jembe. Yeye alienda ofisi ya uhasibu akakopa viti viwili vya magurudumu, akawakalisha wakitazamana kwenye sakafu ya bwalo, akawaambia wasukumane viganja. Bonge alisogea kidogo tu. Ufito alirudi nyuma hadi akagonga meza ya mpishi na kuanguka na kiti chake.

"Nguvu ni sawa," akatangaza.

"Mwalimu," ufito akauliza kutoka sakafuni, "kama ni sawa, mbona mimi ndiye niko chini?"

"Kwa sababu wewe ni mwepesi. Hiyo si haki. Hiyo ni fisikia."

Bwalo zima lilianguka kwa kicheko, na wale wawili wakatoka pale marafiki, maana walikuwa wamepata adui mmoja.

Kulikuwa na swali lililomfurahisha kuliko yote, na kila mwaka alilingoja kama mtu anayengoja mvua. Lazima mwanafunzi mmoja angeuliza: kama ng'ombe anavuta plau, na plau inamvuta ng'ombe kwa nguvu ile ile, si zinafutana? Shamba litalimwaje? Hapo uso wake ulifunguka. Alimwita aliyeuliza mbele. "Mimi nikila ugali nikasiba," alimwambia, "na wewe ukalala njaa, unawesa kusema tumefutana, kwamba hakuna aliyekula wala aliyelala njaa?" Hapana, Mwalimu. "Kwa nini?" Kwa sababu ni matumbo mawili. "Ehee! Nguvu moja iko kwa plau. Ile ingine iko kwa ng'ombe. Tumbo mbili! Ukitaka kujua kama ng'ombe itaenda, hesabu ile iko kwa ng'ombe peke yake." Kisha akawaambia kwato husukuma ardhi nyuma, na ardhi husukuma ng'ombe mbele, na kama nguvu hiyo ya ardhi inaishinda ya plau, ng'ombe ataenda. Kwenye matope kwato hazipati pa kusukuma, na hapo hata ukimchapa ni dhambi tu.

Mimi mwenyewe nilidhani nimeelewa, nikajitia kimbelembele. Nilimwonyesha kitabu juu ya meza yangu. "Kitabu kinaisukuma meza kwa uzito wake, meza inakisukuma juu. Uzito na hiyo nguvu ya meza, hiyo ni jozi yako."

Alinitazama kwa huruma kubwa. Akainamisha meza, kitabu kikaanguka. "Mesa imeenda. Usito imeenda?"

"Haujaenda. Ndio uliokiangusha."

"Sasa hiyo ni josi gani, mmoja akifa mwingine anaendelea na chai?" Akaokota kitabu. "Usito ni dunia inavuta kitabu. Mwensake ni kitabu inavuta dunia. Wanavutana. Mesa na kitabu inasukumana, hiyo ni ndoa ingine."

"Kitabu kinaivuta dunia?" naibu wa mwalimu mkuu akauliza, chai ikimtoka puani.

"Kwa nguvu ile ile."

"Mbona sijaona ikija?"

"Kwa sababu dunia ni nsito. Wewe ukisukuma kanisa, unaiona ikienda?"

Naibu alikuwa msemaji wa kanisa, hakulipenda swali hilo. Mwalimu wa Fizikia alikuwa Msabato, tena wa dhati, hakugusa chaki siku ya Sabato, lakini aliwahi kuwaambia wazee wa kanisa lake kwamba dunia hutuvuta hata Jumamosi. Waliunda kamati.

Safari ya Homa Bay niliiona kwa macho yangu, kwa sababu nilipelekwa kuwachunga wasichana. Aliwapeleka kidato cha tatu ufukweni ili waone jinsi mtu akiruka kutoka kwenye mtumbwi, mtumbwi hurudi nyuma. Angeweza kumwomba kijana yeyote wa pale aruke. Wapi! Alipanda mwenyewe, na suti yake ya kahawia, na tai. Aliwaeleza kwamba atausukuma mtumbwi nyuma na mtumbwi utamsukuma mbele. Aliwaeleza vizuri sana. Kisha akaruka, mtumbwi ukarudi nyuma kama alivyosema, naye akatua katikati, kwenye maji ya kifuani. Alichosahau ni kwamba mtu akiruka kutoka kitu chepesi hafiki mbali kama akiruka kutoka sakafuni. Hakutoka majini. Alibaki pale, tai ikielea, akaendelea: "Mmeona? Hakuna aliyeansa! Tumesukumana!" Wanafunzi walipiga makofi. Mama mmoja aliyekuwa anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, alimwambia, "Mwalimu, huo mtumbwi ulikukataa."

Mnadhani namcheka tu. Namcheka, ndiyo. Lakini mume wangu alipofariki, mtu huyu alikuja nyumbani kabla ya majirani. Hakusema neno lolote la fizikia. Aliniambia "Mos", kisha akaenda nyuma ya nyumba akaosha sufuria za watu siku nzima, na jioni akaenda zake bila kuaga. Mos ni pole ya Kijaluo. Huambiwa mtu aliyefikwa na jambo, jambo ambalo si wewe uliyemletea. Sijawahi kuambiwa pole iliyonifaa kama ile, na nilimpenda kwa ajili yake, na hadi leo nampenda.

Ila mganga hajigangi. Nyumbani kwake yale aliyoyajua darasani aliyageuza kuwa ngao.

Mkewe alikuwa fundi cherehani sokoni Uriri, mwanamke wa maneno machache na vipimo sahihi. Nusu ya sare za shule yetu zilipita mikononi mwake. Aliolewa kutoka kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Mama yake alipofariki, yeye alitangulia, na mumewe akaahidi kufika asubuhi ya mazishi. Alikuwa anasahihisha mitihani ya majaribio. Akasema amalizie darasa moja, kisha moja tena. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na vijana walikuwa wanaosha majembe. Jamani, mkwe, mume wa binti mkubwa wa nyumba ile! Kwa Wajaluo hilo si jambo la kusema gari liliharibika. Alipita katikati ya watu wote hadi kwa mkewe, akamwambia "Mos."

Kama jirani. Kama mpita njia anavyokuambia ukijikwaa.

Alipoulizwa baadaye nyumbani, alisema: "Tumekosana, lakini itaisha." Najua hilo kwa sababu mkewe mwenyewe aliniuliza, akinipima gauni, pini mdomoni: "Madam, kukosana ni nini hasa? Mimi nilikosa nini?" Nilimwambia asijali, wanaume ndivyo walivyo, na mambo mengine ya kijinga ambayo wanawake huambiana.

Halafu ukaja ukuta. Dada za mkewe walikuja kumtembelea Jumapili moja, na mkewe alikuwa amezisiliba kuta za jiko lake la udongo tangu alfajiri ili wageni wakute nyumba ya maana. Udongo ulikuwa bado mbichi. Shemeji mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa, "Kwani wewe hufundisha nini hasa?" Lo! Mwalimu wa Fizikia akauendea ukuta, akauegemea kwa bega, akaanza: "Tasama. Ninasukuma ukuta, ukuta inanisukuma. Ndiyo maana sianguki." Ukuta ukaenda. Akaenda nao. Kuku wa wageni, sufuria na kila kitu, wakafunikwa.

Walicheka wote. Mkewe pia alicheka, dada zake wameniapia. Kama angenyamaza hapo, mambo yangeisha. Lakini aliinuka, udongo masikioni, akasema: "Mos, mama watoto." Kisha akaongeza, kwa kuwafurahisha wageni: "Mimi na ukuta tumesukumana kwa nguvu sawa. Kosa ni nusu kwa nusu."

Wageni walicheka tena, ila mkewe hakucheka. Aliingia ndani, akafungasha nguo, na walipoondoka dada zake aliondoka nao. Cherehani ilibebwa. Niliposikia cherehani imebebwa nikajua hili si la wiki moja.

Mwalimu alistaafu akiwa peke yake. Tulimfanyia sherehe, tukampa godoro na saa ya ukutani, na watoto wake wanaofanya kazi mbali wakatuma salamu. Hotuba yake ilikuwa fupi mno.

Majuzi nilimkuta sokoni Uriri, katika hoteli ya karibu na wauza mboga, saa ya chakula cha mchana. Ukosi wa shati ulikuwa umekuwa mpana kuliko shingo. Alikuwa na sahani ya maharagwe na alikuwa anaitazama tu.

"Nyaminwa," akasema, "ng'ombe wangu?"

"Wanakula kuliko wewe. Umekuwaje hivi?"

Aliniambia hajui kupika kitu chochote isipokuwa yai. Aliniambia usiku husikia mtu akikanyaga cherehani, na hakuna cherehani. Kisha akasema, macho kwenye maharagwe: "Nataka mke wangu. Twende wote Homa Bay. Wewe ni mtu wa maneno, utamwambia."

"Nitamwambia nini?"

"Kwamba tulikosana tu. Imepita."

Hapo nilipandwa na hasira yangu yote ya miaka ile ya ngeli. "Mwalimu, nani alichelewa mazishi?"

"Mimi. Lakini na yeye..."

"Na yeye nini? Kuchelewa hakuna -ana! Hakuna kucheleweana! Ulichelewa wewe, akafiwa yeye, akasimama pale mbele ya ukoo wake bila mume. Hilo si kukosana. Ni kumkosea. Kauli ya kutendea, mtenda mmoja, mtendewa mmoja. Nilikupa lile neno ulifundishie watoto, hukupewa ulale chini yake kama mwavuli."

"Fisikia inasema..."

"Fizikia inasema habari ya kusukuma! Imekuambia lini habari ya kosa? Ngumi na ukuta, nguvu sawa, haya. Aliyenifundisha kwamba nguvu kuwa sawa si maumivu kuwa sawa ni nani?"

Watu wa meza ya pili waliacha kutafuna. Mwenye hoteli alijifanya anapangusa kaunta. Mwalimu wa Fizikia akala kijiko kimoja cha maharagwe, akasema maharagwe yamepoa.

"Twende kesho," akasema.

Tulifika mchana. Shemeji yake, mwenye boma, alitupokea vizuri, akatoa viti, akauliza habari ya mvua, halafu ghafla akakumbuka kuwa ana ng'ombe wa kuwatazama. Mkewe alikuwa kibarazani, anashona mashati ya shule. Hakusimamisha cherehani.

"Madam, karibu. Umekonda."

"Nimekondeshwa na mumeo."

Alitabasamu kwangu. Kwake hakutazama. Mumewe akakohoa, akaanza kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, na neno la kwanza lilikuwa lile lile, mos. Mkewe akainua mkono kutoka kwenye kitambaa.

"Kiswahili," akasema. "Madam haelewi Kijaluo."

Naelewa Kijaluo vizuri sana. Nimenunua samaki kwa lugha hiyo maisha yangu yote, na mama huyu alijua hivyo, maana tumeongea naye Kijaluo hadi cha kusengenya. Nikakaa vizuri nisikie.

"Sema kwa Kiswahili, asikie."

"Ule ukuta," mzee akaanza.

"Ukuta nitausiliba tena," mkewe akasema. "Nimesiliba kuta tangu nikiwa msichana. Mama yangu nilimzika mara moja tu."

Akaondoa mguu kwenye kanyagio. Niliwaza kwamba kama mtu huyu atasema tumekosana, nitainuka, nimwache hapo, na nisiseme naye tena hadi kufa. Nilikuwa nimebana mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Nilichelewa," akasema. "Karatasi ya mtihani ingeningoja. Mama haikuningoja." Sikumsahihisha. "Nilikuja kama mgeni, nikakuambia neno ya mgeni. Nilikukosea. Mimi peke yangu. Wewe hukufanya kitu."

Mkewe alichukua shati lililokuwa mbele yake, shati la mtoto wa watu, akajifuta macho kwa mkono wa shati hilo. Alilikunja, akalikunjua.

"Kumbe unalijua," akasema. "Miaka yote hii nilijiambia, huyu mtu hana hilo neno, hakufundishwa, nimvumilie. Kumbe ulikuwa nalo."

Mzee alinyosha mkono kuelekea nguzo ya kibaraza, akaurudisha.

Mkewe akavuta kiti mbele, akaweka mguu kwenye kanyagio. "Nina sare za watu hapa," akasema. "Nikimaliza. Jumatano." Cherehani ikaanza tena, na hakusema neno lingine kwetu isipokuwa kwaheri.

Tulitoka. Kwenye lango la boma alisimama, wima, akanigeukia. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa hivyo mchana kweupe.

"Nyaminwa, atakuja?"

"Si amesema Jumatano."

"Nimesikia Jumatano. Nauliza kama atakuja."

Nilitazama nyuma. Kutoka pale niliona mgongo wa mkewe tu, umeinama juu ya kazi, na sikujua. Ningejuaje?

"Mwalimu," nikamwambia, "nenda ukafagie nyumba."